Kafa Ulaya, kafufukia Kariakoo

Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwakataza wabunge kuingia ukumbini wakiwa wamevaa suti ya Kaunda. Hoja yake: si vazi la kibunge. Ndiyo suti ile ile, koti lisilohitaji tai, mifuko kifuani na kiunoni, ambayo Rais William Ruto alikuwa ameirudisha kwenye chati hadi kila fundi wa Nairobi akawa na oda yake mezani. Sasa vuka mpaka pale Namanga uje huku kwetu. Suti hiyo hiyo ndiyo vazi la mwalimu mkuu mstaafu anapoalikwa kuwa mgeni rasmi. Nyerere alizivaa koti za namna hiyo miaka nenda rudi. Mwinyi naye.

Vazi moja, nchi mbili zinazopakana, hukumu mbili. Na ukilifuatilia koti lenyewe unakuta kichekesho zaidi: jina ni la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, lakini shina lake ni koti la kaki la askari na mabwana shauri wa Kiingereza waliokuwa wakizunguka makoloni. Vazi la mkoloni likavuliwa mkoloni, likavaliwa na aliyemtoa, likawa la Kiafrika, kisha Bunge la Kiafrika likalikataa kwa sababu halifanani na suti ya London.

Historia ya mitindo tumezoea kuisimulia kama albamu ya picha. Miaka ya sitini walivaa vile, sabini vile, themanini hivi, kana kwamba watu waliamka asubuhi moja wakajichokea. Mimi naona ladha huku kwetu ilikuwa abiria tu. Usukani ulishikwa na meli iliyotia nanga, na serikali iliyotoa amri, na zaidi ya yote na ule woga wa mtu kudhaniwa ni mtu fulani ambaye hataki kuwa. Huyo wa mwisho hatajwi sana, kwa hiyo naanza naye.

Kaniki na aibu yake

Katika Unguja ya karne ya 19 nguo ilimtaja mtu kabla hajafungua mdomo. Kitambaa kikuu cha biashara kilikuwa merikani: pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na meli za bandari ya Salem. Seyyid Said alifunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, konseli wao wa kwanza, Richard Waters, akafika 1837, na jina la nchi yao likang'ang'ania kitambaa hadi leo. Bara, merikani ilikuwa pesa hasa. Hongo ya kupita kwa mtemi, ujira wa mpagazi, bei ya pembe ya ndovu, vyote vilihesabiwa kwa mikono, doti na jora. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokausha pamba, Waingereza na wafanyabiashara wa Bombay wakaliziba pengo, na kitambaa chao nacho kikaitwa merikani. Mnunuzi alishazoea jina. La kiwanda halikumhusu.

Ukiichovya merikani kwenye nili mpaka iwe buluu ya kukaribia weusi, unapata kaniki. Kaniki haina ua, haina mstari, haionyeshi uchafu. Ilikuwa nguo ya mwanamke mtumwa na ya fukara. Upande wa pili wa mji walikuwapo mabibi wa Kiarabu wenye barakoa za kudariziwa usoni na suruali za marinda miguuni, na waungwana wenye kanzu, joho na kilemba. (Barakoa hiyo hiyo ililala kwenye kamusi karibu karne nzima, kisha mwaka 2020 ikaamshwa na korona. Lugha nayo ina sanduku la nguo kuukuu.)

Mwaka 1897 utumwa ukafutwa kisheria Unguja. Makaratasi ya mahakama yalimwambia mtu kwamba yuko huru, lakini majirani wangejuaje? Wangejua kwa nguo. Wanawake waliokuwa watumwa waliitema kaniki kadiri mikono yao ilivyofika dukani, wakataka kitu chenye rangi. Wanaume wakataka kanzu nyeupe na kofia, vitu vilivyokuwa alama ya uungwana. Watu walikuwa wakinunua jina jipya kwa yadi.

Leso sita, nguo moja

Neno leso tumelipata kwa Wareno, nalo maana yake ni kitambaa cha mkononi au cha kichwa. Vitambaa hivyo vilikuja madukani katika jora ambalo halijakatwa, kimoja kimeungana na kingine. Simulizi inayokubalika zaidi ni kwamba wanawake wa pwani walianza kununua sita kwa mkupuo bila kuruhusu muuzaji aviachanishe. Walikata mara moja tu, tatu huku na tatu huku, kisha wakashona safu mbili hizo ubavu kwa ubavu. Ikatoka nguo moja pana ya kujifunga kifuani, yenye maua makubwa katika mpangilio ambao hakuna kiwanda kilichokuwa kimeuwaza.

Wenye maduka hawakuchelewa. Wakaagiza ng'ambo kitambaa cha ukubwa huo kilichopigwa chapa kizima, pasipo mshono katikati. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na madoadoa meupe juu ya rangi iliyoiva, watu wakamwona ndege kanga, jina likapita. Mombasa na Lamu wengi wamebaki na leso hadi sasa. Sisi huku tumeshika kanga, na kila upande unaona mwenzake ndiye anayekosea.

Itandaze moja sakafuni. Pindo limezunguka pande zote nne. Ndani yake ni mji, uwanja wenye mchoro mkuu: korosho, mbegu, jogoo, bendera, chochote. Chini ya mji, juu ya pindo la urefu, kuna kisanduku chembamba chenye jina. Zinakuja mbili mbili, doti, nawe unazikata mwenyewe na kuzipinda ncha kwa mkono au kwa cherehani kabla ya kuzivaa. Mwanamke anayejua mambo hukagua kama jina limekaa sawa na kama pindo halikupishana na mji, maana iliyopogoka ikifungwa kiunoni inaonyesha wazi.

Majina hayo yanahusishwa hasa na Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, ambaye biashara yake Mombasa ilianza 1887 na chapa yake ya "Mali ya Abdulla" bado ipo. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Tangu hapo kanga ikawa na kazi ya pili. *Sisi sote abiria dereva ni Mungu* haimkosei mtu. *Usisafirie nyota ya mwenzio* ikianikwa kwenye kamba mbele ya dirisha la mke mwenza, hiyo ni barua iliyosajiliwa. Obama aliposhinda mwaka 2008 ilitoka doti yenye sura yake na maneno *Upendo na amani ametujalia Mungu*, na ilitembea mitaani kabla magazeti hayajamaliza kuchambua matokeo.

Ninachotaka ukishike hapa ni kasi. Kanga, ambayo leo tunaiweka kwenye rafu ya mila pamoja na mbuzi ya nazi, ilizaliwa kama mtindo wa mjini wa kuchina haraka. Wafanyabiashara wa Kizungu wa zama hizo walilalamika sana juu ya wanawake wa Unguja: toleo linagombewa mwezi huu, meli ikileta shehena nyingine ya mchoro ule ule, hakuna anayeigusa. Na kwa miongo mingi hazikuwa zikichapwa hapa. Zilitoka Uholanzi, Uingereza, India, Japani. Kanga iliyochapwa nyumbani kwa wingi ni habari ya baada ya uhuru, viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968. Kwa hiyo mtu anapokwambia binti zetu warudi kwenye vazi la asili, muulize kwa upole: asili ya mwaka gani?

Buibui nalo lina hadithi ya jinsi hiyo. Linaonekana la kale kuliko kuta za Mji Mkongwe, lakini liliingia pwani kutoka Hadhramaut mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake bibi wa Lamu wa ukoo mkubwa alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kipana kama hema kilichobebwa na watumwa kumzunguka. Watumwa walipoondoka, hema lingebebwa na nani? Buibui lilijibu swali hilo: kila mtu ajibebee sitara yake. Na kwa kuwa lilikuwa jeusi kwa wote, mjukuu wa sultani na mjukuu wa mjakazi wakawa hawatofautiani njiani. Lile la zamani lilikuwa pana, lenye kamba ya kufunga kichwani. Lililopo sasa, la koti, limekatwa kufuata mwili na limetiwa nakshi mikononi, na njia yake ni nyingine kabisa. Wazanzibari wengi walihamia Omani baada ya mapinduzi ya 1964, hasa tangu miaka ya sabini, na ndugu walipoanza kwenda na kurudi Muscat na Dubai, masanduku yalirudi na mabuibui. Bibi mmoja wa Michenzani aliwahi kuniambia kuwa siku hizi buibui ndilo linalohitaji kusitiriwa.

Mwaka ambao serikali ilishika mkasi

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 visingeruhusiwa vimini, suruali za kubana, mawigi na mafuta ya kujichubua. Vilikuwa uchafu wa utamaduni wa kigeni, na taifa lilikuwa kwenye ujamaa tangu Azimio la Arusha la 1967. Tarehe yenyewe haikungojewa. Makundi ya vijana wa kiume yalianza mapema kuwavizia wanawake Kariakoo, yakawateremsha kwenye mabasi na kuwachania nguo, na polisi wakalazimika kuingilia.

Barua zilimiminika magazetini. Wapo waliounga mkono kwa nguvu zote. Wapo waliouliza swali ambalo halikupata jibu zuri: ikiwa kimini ni cha kigeni, suti na tai za waheshimiwa zimetoka kijiji gani? Halafu karibu na wakati huo huo, mwaka 1968, serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiendesha kampeni upande wa Umasaini ili watu waache lubega na kupaka mafuta mekundu, wavae suruali na mashati kama raia wa taifa linaloendelea. Msichana wa Dar aliambiwa amevaa Uzungu mno. Mmasai aliambiwa hajavaa Uzungu wa kutosha. Mtu anayetafuta kanuni moja ya utamaduni katika amri hizo mbili ataumia kichwa bure.

Kanuni ilikuwapo, ila haikuwa ya nguo. Mjini kulikuwa na kundi jipya: wasichana makarani, wapiga chapa, wahudumu wa maduka, wenye mshahara wao, wanaolipa chumba wenyewe na kununua sketi bila kumwomba baba wala mume. Kundi hilo liliwakosesha watu usingizi, na kimini ndicho kilichoweza kushikwa na kupimwa. Mshahara haukuchanika, sketi ilichanika.

Hatukuwa peke yetu. Idi Amin alipiga marufuku vimini mwaka 1972. Banda wa Malawi aliwakataza wanawake suruali kwa miaka mingi. Mobutu alikwenda mbali kuliko wote: katika Zaire ya miaka ya sabini suti na tai za wanaume ndizo zilizokatazwa, ikaja abakosi, koti lenye kola fupi ambalo jina lake linatokana na Kifaransa cha "suti idondoke". Wanawake wakaelekezwa kwenye liputa, yaani kitenge cha kujifunga, na wigi na suruali zikaachwa nje. Lilidumu hadi 1990 Mobutu alipolegeza siasa, na Kinshasa na Lubumbashi zikaingia kwenye suti za Ulaya kwa hamu ya mtu aliyefunga miaka ishirini.

Huku Tanzania viongozi waliondoa tai bila kufokeana. Nyerere alikwenda China Februari 1965, Waziri Mkuu wa China, Chou En-lai, akaja Juni mwaka huo huo, na koti la kola iliyofunga shingo likawa vazi la kiongozi mjamaa. Watu wakaliita kwa jina la mgeni, suti ya Chou En-lai. Hapo ndipo penye jibu la kitendawili cha mwanzo, angalau nusu yake. Kwetu, koti lisilo na tai lilikuja likiwa limefungamana na mamlaka: aliyelivaa ndiye aliyekuwa mkubwa. Kenya ya Jomo Kenyatta ilibaki na suti na tai, na Bunge lake likaendelea kupima adabu kwa kipimo cha Westminster. Nusu ya pili ya jibu ni siasa za siku ile, na hizo niwaachie wenyewe.

Amri zilipopoa, vijana walifanya walivyotaka. Miaka ya sabini ni ya bugaluu, suruali iliyobana mapajani na kufunguka chini kama tarumbeta, na raizoni, viatu vya soli nene vilivyomfanya mtu mfupi aone mbali. Nywele zilitimuliwa na chanuo likachomekwa humo humo. Majina yenyewe yanakuonyesha njia ilikopita: bugaluu lilikuwa jina la dansi la Marekani kabla halijawa suruali. Marehemu mjomba wangu alinisimulia jinsi asiye na hela ya suruali mpya alivyompelekea fundi ya zamani. Fundi aliipasua mshono wa pembeni kutoka goti kwenda chini, akapachika kipande cha pembetatu, mara nyingi cha rangi tofauti kwa kuwa ya kufanana haikupatikana. Ile rangi tofauti ikapendeza. Wenye suruali mpya wakaanza kudai waongezewe pembetatu za rangi.

Foleni ya doti

Muongo uliofuata sina mengi ya kuusifu. Vita vya Kagera, 1978 na 1979, vilikomba hazina. Fedha za kigeni zikaadimika. Viwanda vikakosa spea, dawa za rangi na umeme wa uhakika. Nguo ikawa bidhaa ya foleni na kibali, sambamba na sabuni na sukari. Ukisikia duka la ushirika limepokea kanga, unakwenda na unachukua iliyopo, awe jogoo au korosho. Jina unalisoma nyumbani. Mtaa mzima ungeweza kuvaa toleo moja, na si kwa sare ya harusi. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu waliokuwa na majora ya magendo wakaona heri kuyatupa kuliko kukutwa nayo.

Mwaka 1984 serikali ilifungua dirisha: mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, asiulizwe sana amezipataje. Mwaka uliofuata Mwinyi akawa Rais na jina la Mzee Ruksa likamkaa. Na katika vitu vilivyoruhusiwa, kimoja kiligeuza sura ya barabara zetu kuliko kanga, kimini na bugaluu kwa pamoja.

Kafa Ulaya

Ndivyo tulivyoziita mwanzoni, kwa utani wenye ubaridi ndani yake: nguo za watu waliokufa Ulaya. Kwa nini mtu mzima mwenye akili agawe koti zima kama yuko hai? Waganda walisema mivumba, Wanyarwanda chaguwa. Jina lililoshinda Kenya na Tanzania ni mitumba, yaani mafurushi, na hilo nalo ni sahihi, maana biashara yenyewe ni ya furushi.

Mzungu anapoweka shati kwenye sanduku la msaada, kwake ni sadaka. Kuanzia hapo ni biashara tupu. Kampuni inanunua kwa uzito, inachambua kwa aina na ubora, inabana kwa mashine na kufunga mikanda. Belo la kawaida lina kilo 45. Linapanda kontena, linashuka Mombasa au Dar es Salaam, linauzwa likiwa limefungwa. Ni kamari. Mwandishi huyu amesimama soko la Karume, Ilala, alfajiri belo linapofunguliwa, na anaweza kushuhudia kuwa kimya kile hukipati hata msibani. Mwenye belo anakata mkanda kwa kisu. Nguo zinavimba kama unga uliotiwa hamira. Wateja wa kudumu, wengi wao wenye maduka, wanapewa nafasi ya kuchagua kwanza na wanalipa bei ya juu kwa hiyo haki. Gikomba, Nairobi, vipande hivyo teule wanaviita kamera. Kinachobaki kinashuka daraja kwa daraja kadiri jua linavyopanda. Kufika saa tisa alasiri ni rundo chini, na kijana juu ya meza anapiga makofi: jero, jero, jero, chagua mwenyewe. Mwenye belo anahesabu kidole kwa kidole, na kama gredi ilikuwa ya uongo anajua mapema, kwa mashati mawili matatu ya mwanzo yenye madoa kwapani.

Kisha fundi. Huyu hatajwi kwenye mijadala ya mitumba, nami naona ndiye mwenye mtindo. Koti la mtu wa Hamburg mwenye futi sita haliwezi kumkaa kijana wa Mbagala kama lilivyo. Fundi mwenye cherehani chini ya mwembe analipindua ndani nje, anamwambia kijana anyooshe mikono, anabana pembeni kwa pini, anafumua, anapunguza mabega, anakata kiuno. Dakika arobaini. Koti linalotoka halikuwahi kuwapo Hamburg. Ndiyo maana nasema kafa Ulaya, kafufukia Kariakoo.

Mitumba ilivunja kitu ambacho enzi ya foleni ilikijenga. Kila nguo ikawa moja tu. Mtu aliyevaa fulana ya mbio za hisani za mji asioujua angeweza kutembea maisha yake yote bila kukutana na pacha wake. Ikawa aibu kufanana, na "kupiga pamba" ikawa na maana ya kuwa na jicho la kuchagua, si kuwa na hela nyingi. Jeans, ambazo dukani zingegharimu mshahara wa mwezi, zikamfikia konda wa daladala.

Je, mitumba ndiyo iliyoviua viwanda? Hapa watu hugawanyika kama washabiki wa Simba na Yanga, kwa hiyo nitasema ninavyoona. Viwanda vilikuwa mahututi kabla belo la kwanza halijafunguliwa kihalali: mitambo imechakaa, umeme unakatika, menejimenti za kupangiwa. Mitumba ilikuja ikawakuta kitandani, na pamoja nayo zikaja nguo mpya za bei chee kutoka Asia, ambazo watu husahau kuzihesabu. Kuondoa mtumba peke yake leo kungemfaidi zaidi mwagizaji wa hizo mpya kuliko mkulima wa pamba wa Shinyanga.

Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walijaribu. Mwaka 2016 walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali hiyo ikatishia kuzitoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vingi vinavyoshona kwa ajili ya soko hilo, ilijitoa kwanza. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda peke yake ikakaza: ushuru ulishapandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafasi ya nguo zake katika mpango huo. Fikiria tena ile hoja kuhusu ladha. Kijana wa Kigali na kijana wa Bukoba wana umri mmoja na wanatazama video zile zile kwenye simu, lakini anachovaa mmoja kimeamuliwa na ushuru, na cha mwingine na belo.

Doti imerudi, na mafundi wake

Kitenge kimepanda ngazi. Wakati mama yangu anaolewa kilikuwa nguo ya heshima ya kawaida. Kilirithi uchapaji wa nta wa Java ulioigwa na Waholanzi, kikaingia huku zaidi kupitia Kongo. Sasa hakuna kitchen party wala kipaimara bila sare ya kitenge, na kamati inatuma picha ya toleo kwenye kundi la WhatsApp pamoja na namba ya kulipia. Kanga kiunoni nyumbani imepokonywa nafasi na dera, gauni pana jepesi lililotoka kwa Wasomali, ambalo mtu anaweza kupikia, kulalia, na akiongeza mtandio akaendea msibani.

Amri nazo hazijaisha. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo na wanaume kituoni kwa madai ya kuvaa vibaya. Juni 2021 mbunge mwanamke alitolewa nje ya Bunge letu Dodoma kwa sababu ya suruali iliyodaiwa kubana. Kutoka Kariakoo ya 1968 hadi pale, kipimo ni kile kile, na kimeshikwa na mikono ile ile.

Miezi michache iliyopita nilikuwa Karume tena, alasiri, wakati wa rundo. Kijana wa mezani akainua koti la mikono mifupi, mifuko minne, rangi ya majani ya chai, na suruali yake. Alilivaa Mzungu gani mwaka gani, Mungu ndiye ajuaye. Huko nako ziliwahi kuwa mtindo. "Ya Ruto hiyo, elfu kumi na tano!" Mzee mmoja mwenye bakora akasogea, akaipapasa kola, akasema, "Ya Ruto wapi, hii ya Nyerere. Elfu nne." Kijana akacheka. Alikuwa hajazaliwa Mwalimu alipofariki. Wakavutana pale, mmoja akishuka, mwingine akipanda, wakakutana kwenye elfu saba, na mzee akaulizia kama kuna fundi karibu wa kuipunguza urefu.